Pesa iende kwenye picha au kwenye pedi? Mwongozo kwa mwenye banda la gemu, Unguja na Pemba

Mwenye banda la gemu akipata faida kidogo, awe Jang'ombe, Darajani au Chake Chake, swali linakuwa hilo hilo: anunue mashine mpya na TV kubwa yenye picha kali, au azishughulikie zile pedi nne za kuchezea ambazo vijana wanagombania moja tu iliyo nzima? Wengi hukimbilia picha, kwa sababu picha inaonekana hata na mpita njia. Mwongozo huu unaegemea upande mwengine, lakini si kwa ubishi wa barazani. Mambo yote mawili yanapimika: picha kwa futi ya seremala, pedi kwa simu ya mkononi. Pima kwanza, pesa itoke baadaye.

Nini hasa kilichobadilisha gemu

Ubishi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy, mashine ya mkononi yenye kioo kidogo kisicho na rangi wala taa. Mwaka uliofuata Sega wakatoa Game Gear, yenye rangi na taa ya ndani. Kwa macho hakukuwa na mashindano. Lakini Game Gear ilimaliza betri 6 kwa saa tatu hadi tano, na Game Boy ilikwenda zaidi ya saa kumi kwa betri 4. Game Boy ndiyo iliyouzwa zaidi, tena kwa mbali.

Mwaka 1996 Nintendo 64 ilikuja na gemu za pande tatu, na pamoja nazo analogi kwenye pedi, yaani kile kijiti cha kusukumwa kwa kidole gumba. Hapo picha na mkono vilikwenda sambamba, na haikuwezekana vyenginevyo, maana uwanja wenye kina hautembeleki vizuri kwa vitufe vinne vya msalaba. PlayStation ya kwanza iliingia sokoni 1994 na pedi isiyo na analogi hata moja. Pedi yake ya DualShock ya 1997 ikaweka mbili. Tangu hapo picha zimekua kupita kiasi, lakini vidole gumba bado vinakaa pale pale. Kijana aliyecheza mwaka 1997 akipewa pedi ya PlayStation 5 (PS5), iliyotoka 2020, ataishika bila kuuliza.

Wenye kupenda mambo mapya huitaja Wii, mashine ya Nintendo ya 2006 iliyochezwa kwa kupunga pedi hewani, na wana haki. Ilitoa picha ya mistari 480 tu wakati PS3 na Xbox 360 zinatoa 720 na 1080, na bado iliuzwa zaidi ya milioni 101, PS3 ikaishia milioni 87 hivi. Ila Nintendo hao hao walitoa Wii U mwaka 2012, yenye pedi ya ajabu iliyobeba kioo chake, ikauzwa milioni 13 na nusu tu. Kinect ya Microsoft, iliyotoka 2010 na kumtaka mtu acheze kwa mwili mtupu bila ya pedi, iliacha kutengenezwa 2017. Kwa hiyo kitu kipya mkononi peke yake hakitoshi. Kinachofanya gemu iwe tamu ni kioo kumjibu mchezaji upesi na kwa ukweli: kidole kikibonyeza, mchezaji wa kwenye kioo apige, analogi ikiachwa, asimame. Picha inasaidia pale tu inapomwonyesha mtu jambo ambalo mkono wake utalifanyia kazi.

Pima jicho: je, picha unayotaka kununua itaonekana?

Jicho zima hutenganisha nukta mbili zikiachana kwa pembe ya sehemu 1 kati ya 60 ya digrii. Zikikaribiana zaidi ya hapo, jicho linaziona moja. Kutokana na hesabu hiyo, kila TV ina umbali ambao ukiuvuka, nukta za ziada ni pesa iliyomwagwa baharini:

- inchi 32 ya nukta 1366 kwa 768: mita 1.8
- inchi 32 ya 1080 (nukta 1920 kwa 1080): mita 1.25
- inchi 43 ya 1080: mita 1.7
- inchi 43 ya 4K (nukta 3840 kwa 2160): sentimita 85
- inchi 55 ya 1080: mita 2.2
- inchi 55 ya 4K: mita 1.1

Chukua futi, pima kutoka kioo mpaka kwenye macho ya anayecheza (si mpaka ukingo wa bao, maana watu huegemea nyuma). Mabanda mengi yana mita 1.5 hadi 2. Vyumba vya Mji Mkongwe upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na mara nyingi hauzidi mita 3 na kitu. Ukitoa unene wa meza ya TV na mgongo wa mtu aliyekaa, hubaki kama mita 2.

Sasa linganisha. Macho yakiwa mita 1.8, TV ya inchi 43 ya 1080 tayari imefika mwisho wa jicho, kwa hiyo kuibadilisha kwa 4K ya ukubwa ule ule hakuna atakayetambua ukiondoa kibandiko. Inchi 55 ni habari nyengine: kwa umbali huo nukta za 1080 zinaonekana bado, na 4K itazificha. Lakini kumbuka 4K ni nukta milioni 8.3 dhidi ya milioni 2.1, mara nne ya kazi kwa mashine, na PS4 ya kawaida haitoi 4K kabisa. PS4 Pro inatoa. Kuunga TV ya 4K kwenye PS4 ya kawaida ni kuitwisha TV kazi ya kutanua picha, na kazi hiyo nayo inaweza kula muda, jambo linalotupeleka kwenye kipimo cha pili.

Pima mkono: kutoka kidole mpaka kioo

Vijana husema "gemu inalagi", yaani inachelewa kujibu. Mara nyingi mashine haina kosa. TV ndiyo inayokaa na picha inaipamba kabla ya kuionyesha. Unahitaji simu inayorikodi video ya mwendo wa polepole, fremu (picha moja moja) 240 kwa sekunde. Nyingi za siku hizi zinayo. Ikiwa yako ina 120, itafaa pia.

1. Simamisha simu ili ione kidole gumba na kioo kwa pamoja. Iegemeze kwenye kitu, usiishike.
2. Fungua menyu ya gemu yenyewe, anza kurikodi, kisha bonyeza kitufe cha kushuka kwa nguvu mara 10, ukiacha nafasi kati ya mbonyezo na mbonyezo.
3. Cheza video fremu moja moja. Hesabu fremu kutoka pale kitufe kilipofika chini mpaka alama kwenye kioo ilipoanza kusogea.
4. Toa wastani wa mara 10, zidisha kwa 4 (kwa simu ya 120 zidisha kwa 8). Jibu ni milisekunde.

Gemu ya fremu 60 kwa sekunde kwenye TV nzuri huleta jumla ya kama milisekunde 60 hadi 90. Kufika 130 bado panachezeka. Ukipata 150 au zaidi, hata mashine ya bei gani haitakusaidia. Ili uone uzito wa namba hii: mchezaji wa mpira anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea karibu mita moja ndani ya milisekunde 120. Ukichelewa hivyo, ule mguu ulioutoa unakuta mpira umeshapita, na refa anakupa kadi. Hapo ndipo zinapozaliwa kelele za "gemu inanionea".

Tiba haina gharama. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, chagua hali iliyoandikwa "Game". Kwenye Samsung nyingi haimo kwenye picha, imo kwenye mipangilio ya vifaa vya nje. TV isiyokuwa na hali hiyo, badilisha jina la tundu la HDMI liitwe "PC". Kwa baadhi ya TV za zamani, jina hilo peke yake linazima mapambo yote. Kisha zima kilainisha mwendo, ambacho Samsung wanakiita Auto Motion Plus, LG TruMotion na Sony Motionflow. Hiki ndicho kikorofi kuliko vyote: kinasubiri fremu inayofuata ili kitunge nyengine ya kati, na wakati kinasubiri wewe umeshafungwa bao.

Rangi zitapauka kidogo. Wateja watalalamika siku ya kwanza. Ongeza mwanga wa nyuma wa kioo, usirejee kwenye hali ya "Vivid". Kisha pima tena kwa simu. TV ambayo ilikuwa na 180 ikishuka ikawa 90, umepata faida kubwa kuliko mashine yoyote mpya, na hukutoa hata senti.

Ikiwa namba haikushuka, tenganisha sababu moja moja. Kwanza iunge pedi kwa waya, pima. Halafu peleka mashine kwenye TV nyengine, pima. Halafu badilisha gemu, maana gemu ya fremu 30 huchukua milisekunde 33 kwa kila fremu, ile ya 60 huchukua 17, na tofauti hiyo hakuna mpangilio wa TV utakaoiondoa.

Kwa wenye PS2, na Pemba na Unguja bado zipo zinazofanya kazi: usitupe TV ya chogo. PS2 ikiungwa kwa zile plagi tatu za rangi kwenye TV ya flati, TV inabidi igeuze picha ya kizamani kuwa ya kisasa, na ucheleweshaji wake hauna dawa ya menyu. TV ya chogo inaonyesha picha papo hapo. Kioo ni kidogo, rangi zimechoka, lakini mkono unajibiwa.

Na kama banda lina spika ya Bluetooth, iunge kwa waya. Sauti ya Bluetooth huchelewa kiasi cha kumfanya mtangazaji aseme "goli" watu wameshasherehekea.

Pedi yenyewe: inakufa wapi na kwa nini

Ndani ya kila analogi ya DualShock 4, pedi ya PS4, mna vipingamizi viwili vidogo vyenye kifuniko cha kijani, kimoja cha kulia na kushoto, kimoja cha juu na chini. Ndani yake, ulimi wa chuma unasugua juu ya njia ya kaboni, na mashine inajua analogi iko wapi kwa kusoma umeme unaopita. Kaboni ikilika au vumbi likiingia, katikati inapotea: hujagusa kitu na mchezaji anatembea peke yake. Banda la gemu huiua analogi kabla ya nyumbani, na ya kushoto hufa kabla ya ya kulia, maana ndiyo ya kukimbilia.

Usianze kwa kufungua. Baadhi ya gemu zina mpangilio wa eneo la kati lisilosikia. Lipandishe kidogo kidogo, kuanzia asilimia 5. Ikitulia chini ya 10, wacha hivyo na ucheze. Ikihitaji 20, mchezaji atakuwa mzito kugeuka, hapo fungua.

Vitu vya kuwa navyo: bisibisi ndogo ya nyota, kipande cha plastiki cha kubandulia (kadi ya simu iliyokwisha inafaa), kibano, pamba za masikio, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji ndani yake, na maji hayo yanabaki kwenye bodi. Manukato, mafuta ya taa na mafuta ya kulainisha bawaba yasiguse pedi kabisa. Yanaacha utando, na utando unakamata vumbi.

Kwa DualShock 4, toa skurubu 4 za nyuma. Banua taratibu kuanzia kwenye mishikio, kisha pembeni mwa vitufe vya L2 na R2. Hapa pana mtego: springi za L2 na R2 huruka, na zikianguka kwenye sakafu ya mkeka hutaziona tena. Fungulia ndani ya sinia. Usivute kifuniko kwa nguvu, kwa sababu waya bapa wa tundu la chaji umeunganisha pande mbili. Uchomoe kwa kibano, halafu chomoa plagi ya betri. Betri ikiwa imevimba, hata kidogo, isirudi.

Ukishafika kwenye analogi, dondoshea tone la alkoholi pembeni mwa kile kifuniko cha kijani, zungusha analogi duara kamili mara 30 au 40, subiri ikauke dakika 15, kisha jaribu. Ikiwa tatizo lilikuwa vumbi, litaondoka kwa miezi kadhaa. Ikiwa kaboni imelika, litarudi ndani ya wiki, na dawa ni kubadilisha analogi nzima. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye mkono mtulivu: analogi imechomewa risasi kwenye bodi kwa miguu 14, na anayeivuta kabla risasi yote haijayeyuka hung'oa na njia za shaba. Mwambie fundi akate analogi ya zamani vipande kwa koleo kwanza, kisha atoe mguu mmoja mmoja. Ni salama zaidi kuliko kuipasha moto yote kwa pamoja.

Ziko analogi za sumaku, ambazo hazina kinachosuguana ndani, kwa hiyo hazilikiki kwa namna hiyo. Kwa banda zinalipa. Ila zikishawekwa lazima katikati yake isawazishwe, na kwa DualShock 4 na DualSense (pedi ya PS5) kazi hiyo inafanywa kwa kompyuta kupitia kivinjari, pedi ikiwa kwenye waya. Fundi asiyejua hilo atakurejeshea pedi mpya inayojivuta kama ya zamani.

Vitufe vikigoma, au vikijibonyeza vyenyewe, analogi haihusiki. Chini ya vitufe mna karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za umeme, na mahali inapoungana na bodi hushikiliwa na kijisponji. Kijisponji kikilala, mguso unapotea. Kwa muda, weka kipande chembamba cha sponji au tabaka mbili za tepu juu yake ili kikandamize. Kwa dawa ya kudumu, nunua karatasi mpya, lakini kabla ya kwenda dukani soma namba ya bodi: JDM-001, 011, 030, 040, 055. Karatasi ya moja mara nyingi haikai kwenye nyengine, na wauza vipuri wengi watakwambia zote ni sawa.

Pedi ikikataa kuungana na mashine, angalia waya kwanza. Waya nyingi za bei rahisi zinapeleka chaji tu, hazipeleki taarifa. Taa ya chaji itawaka na bado mashine haitaiona. Ukiwa na waya sahihi, bonyeza kwa pini ule mtobo mdogo ulio nyuma ya pedi karibu na L2, shikilia sekunde 5, kisha unga na ubonyeze kitufe cha PS. Na kama mashine nne zimepangwa chumba kimoja pamoja na simu za watu wote, mawimbi ya Bluetooth yanagongana. Kwenye PS4, nenda kwenye mipangilio ya vifaa, kisha pedi, uchague mawasiliano kwa waya wa USB. Wateja watachukia waya, lakini pedi haitakatika katikati ya penalti.

Betri ya DualShock 4 hudumu saa 4 hadi 8. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe mpaka daku, hiyo haitoshi. Kwa kila mashine moja weka pedi tatu, mbili kazini na moja kwenye chaji ya volti 5, na uziandike namba kwa rangi ya kucha. Namba zina kazi mbili: unajua ipi imekwenda kwa fundi mara ngapi, na unaweza kuweka sheria ya kubadilishana pedi kipindi cha pili. Sheria hiyo inamaliza ugomvi kuliko kelele za mwenye banda.

Chumvi na umeme

Upepo wa kusi na wa kaskazi huleta chumvi mpaka ndani, na chumvi ikikutana na unyevu wa masika inakula shaba. Ukiona ukijani kwenye tundu la chaji au kwenye plagi ya HDMI, ndiyo kazi ya chumvi hiyo. Futa pedi kila usiku kwa kitambaa kikavu, siyo kibichi, na uzilaze kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Watoto wanaotoka chuoni na mkono wa mafuta ya maandazi wanawe kwanza. Jasho na mafuta ndiyo yanayogandisha vitufe.

Kwa umeme, PS4 Slim na TV ya inchi 32 hazifiki wati 200 kwa pamoja, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inatosha kukupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu. Zima pia hali ya mashine kulala. Umeme ukikatika, au uniti za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) zikiisha wakati mashine imelala, diski huweza kuharibika na utakaa unasubiri ikaguliwe upya. Umeme ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuchomeka.

Wakati picha inastahili pesa

Picha haistahili kudharauliwa. Iko hali tatu ambapo ni sahihi kuinunua. Ya kwanza, gemu unazozitegemea zimeacha kutolewa kwa mashine yako. Mteja anayetaka timu za msimu huu hatakaa kwenye za msimu wa juzi. Ya pili, mashine mpya inaigeuza gemu ile ile kutoka fremu 30 kuwa 60. Hapo picha na mkono vinanufaika pamoja, na gemu za kukimbiza magari na za kulenga hubadilika kabisa. Ya tatu ni watazamaji: banda ambalo watu kumi wanakaa nyuma wakitazama mashindano linahitaji TV kubwa, kwa sababu aliyekaa mita 4 haoni saa wala matokeo kwenye inchi 32.

Ukiwa na simu badala ya mashine, kanuni ni hiyo hiyo ila dalili ni nyengine. Shusha picha mpaka ya kati au ya chini, pandisha fremu mpaka mwisho. Simu ikipata moto hupunguza kasi yenyewe, na kwa joto la kaskazi hilo hutokea haraka. Toa kava, usicheze huku ukichaji. Kidole chenye jasho kinagusa pasipoguswa, kwa hiyo kitambaa kiwe karibu.

Vitu vipya vya mkononi

Usukani wa gari hununuliwa ikiwa una meza nzito ya kuufunga. Kwenye meza ya plastiki unatembea. Kinect, ukiipata ya mtumba, inataka mchezaji asimame mita 1.8 kutoka kwenye kifaa, na wawili mita 2.4. Pima chumba kabla ya kulipa, kwani chumba cha Mji Mkongwe TV ikiwa kwenye ukuta mrefu huenda kisiwatoshe wawili. Wii haina shida hiyo sana, na ile fito yake ya juu ya TV ikifa usibabaike: ni taa mbili tu za mwanga usioonekana. Mishumaa miwili iliyoachana kama sentimita 20 inafanya kazi ile ile, ili mradi pazia liko mbali na jua haliingii dirishani.

Ukinunua pedi ya mtumba Darajani au Wete, omba ijaribiwe kwenye mashine kabla ya kutoa pesa. Ingia kwenye gemu ya mpira, uwanja wa mazoezi, uiweke pedi juu ya meza na uiache dakika mbili bila kuigusa. Kisha sukuma kila analogi mpaka mwisho pande zote nane na uiachie ghafla. Ikirudi lakini mchezaji akaendelea hatua moja mbele, kipingamizi kimeanza kuchoka. Bonyeza L2 na R2 nusu nusu, kwenye gemu ya gari ikiwezekana, uone kama mwendo unapanda taratibu au unaruka. Mwisho, tikisa plagi ya chaji ikiwa ndani ya tundu. Taa ikizimika na kuwaka, tundu limelegea, na bei ishuke kwa kiasi cha tundu jipya na kazi ya fundi.